Maswali ya Wasomaji: Nani Hayumo Kwenye Jedwali la Alama?

Toleo lililopita nilizigusia kwa aya mbili tu jamii bandia, yaani vile vijiji vidogo ndani ya kompyuta ambamo programu nyingi, tunazoziita mawakala, zinakutana, zinagawana, zinadanganyana na kusaidiana kwa kanuni alizoziandika mtu aliyekaa nje. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko za mada yoyote niliyowahi kuiandikia safu hii. Wachache mno wanaouliza kompyuta inafanyaje kazi. Wengi wanauliza haki iko wapi. Kazi ya kuandika vijiji hivi nimeifanya kwa miaka 11, na swali hilo linaninyima usingizi mimi pia. Nimejibu barua saba.

Shikamoo Mwalimu. Nasomea falsafa, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba maadili yanahitaji nia, na nia inahitaji nafsi. Programu haina nafsi. Watu wanaposema "maadili ya mawakala", si wanachezea maneno tu?

Marahaba, mwanangu. Kuhusu nia, walimu wako sibishani nao. Wakala niliyemwandika jana ni safu ya namba saba. Mpekue utakavyo, hutakuta kitu kingine. Lakini ipo sehemu ya maadili isiyokaa moyoni mwa mtu mmoja. Inakaa kati ya watu: nani alitimiza ahadi, nani alilipa, nani anakumbuka alichotendewa. Sehemu hiyo inaweza kuandikwa na kuhesabiwa, na ilipohesabiwa ilitoa mambo ambayo hata wataalamu hawakuyatarajia.

Chukua mtanziko wa mfungwa. Wachezaji wawili, kila mmoja anachagua kushirikiana au kusaliti bila kujua mwenzake kachagua nini. Wakishirikiana wote wawili, kila mmoja anapata alama 3. Wakisalitiana, 1 kila mmoja. Mmoja akisaliti na mwenzake akashirikiana, msaliti anazoa 5 na mwenzake anabaki na 0. Wakikutana mara moja tu, usaliti ndio unaolipa, mwenzako afanye lolote. Je, wakikutana mara nyingi? Kufikia mwaka 1980 Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa amewaalika wataalamu wa uchumi, saikolojia, hisabati, sosholojia na siasa walete programu zicheze mchezo huo, raundi 200 kila pambano, kila moja dhidi ya kila nyingine. Zilikuja 14. Iliyoshinda ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport wa Chuo Kikuu cha Toronto. Kwa Kiswahili tungeiita Jino kwa Jino: inaanza kwa kushirikiana, kisha inarudia kile mwenzake alichofanya raundi iliyotangulia. Basi. Axelrod alitangaza matokeo, akaitisha mashindano ya pili. Zikaja programu 62 kutoka nchi sita, waandishi wake wakijua vizuri ni nani wa kumpiku. Jino kwa Jino ikashinda tena.

Kinachonishika mimi ni namna ushindi ule ulivyopatikana. Katika pambano lolote moja, Jino kwa Jino haiwezi kumzidi mpinzani wake alama. Haianzi kusaliti, kwa hiyo inatoka sare au nyuma kidogo, kila mara. Iliongoza kwa jumla kwa sababu waliocheza nayo nao walivuna. Hiyo ni tabia, mwanangu, hata kama hakuna mwenye tabia.

Ila usiifurahie upesi. Mwaka 2004 mashindano yalirudiwa, na timu ya Chuo Kikuu cha Southampton ikapeleka programu 60. Zilikuwa zimepewa ishara ya siri: mfuatano maalumu wa kushirikiana na kusaliti katika raundi chache za mwanzo. Mbili zikishatambuana, moja inajitoa kafara; inashirikiana raundi baada ya raundi huku mwenzake akiisaliti na kuzoa zile 5. Ikikutana na mgeni, ile ya kafara inasaliti moja kwa moja ili kumpunguzia alama. Nafasi tatu za juu zilikwenda Southampton, na wale waliojitoa wakajazana mkiani.

Ukiwatazama kutoka ndani ya kundi lao, ni undugu wa hali ya juu. Ukiwatazama kutoka kiti cha mgeni, ni genge. Ndiyo maana kila nionyeshwapo jamii bandia inayosifiwa kwa maadili, swali langu la kwanza ni moja: nani hayumo kwenye jedwali la alama?

Dada, habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa programu. Nimeandika kijiji cha mawakala 100, wote Jino kwa Jino. Kilikuwa na amani kamili. Nikaongeza kosa dogo: mara 1 kati ya 100 wakala anafanya kinyume cha alichokusudia. Kijiji kimeharibika kabisa. Nimekosea wapi kwenye msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu?

Salama, kaka. Hujakosea popote. Umeona kwa macho yako udhaifu mkubwa wa Jino kwa Jino, na mimi mara ya kwanza nilipouona nilipitia msimbo wangu siku mbili nikitafuta hitilafu isiyokuwepo.

Chapisha mapambano ya mawakala wawili tu, raundi kwa raundi, uyasome kama unavyosoma barua. Raundi ya 40 wote wanashirikiana. Raundi ya 41 wa kwanza anateleza, anasaliti bila kukusudia. Raundi ya 42 wa pili analipiza, huku wa kwanza amesharudi kwenye ushirikiano. Raundi ya 43 wa kwanza analipiza lile lipizo. Raundi ya 44 wa pili. Hakuna anayekosea tena, kila mmoja anafuata kanuni yake kwa uaminifu, na ugomvi hauishi. Likija kosa la pili katikati, wanaweza kupatana, au wanaweza kuangukia pale ambapo wote wanasaliti kwa pamoja. Ukiwaacha muda mrefu, wastani wao unakuwa alama 2.25 kwa raundi badala ya 3. Wachezaji wawili wanaorusha sarafu tu wanapata 2.25 hiyohiyo. Yaani mtelezo mmoja kwa mia umefuta faida yote ya uaminifu wao.

Dawa ni kusamehe, na kiasi cha kusamehe kinakokotoleka. Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha mwaka 1992 kwamba kwa alama hizi za 5, 3, 1 na 0, anayesamehe usaliti takriban mara 1 kati ya 3 anafanya vizuri kushinda Jino kwa Jino kali. Samehe zaidi ya hapo na wasaliti watakula humohumo. Mwaka uliofuata wakaleta kanuni nyingine: ukipata alama nzuri, rudia ulichofanya, ukipata mbaya, badilisha. Ijaribu kwa penseli. Mmoja akiteleza, raundi inayofuata wote wawili wanasaliti, wote wanapata 1, wote wanabadilisha, na amani inarudi. Ugomvi unadumu raundi mbili tu.

Lakini iangalie kanuni hiyo ikikutana na mshirika asiyelipiza kamwe. Ikiteleza ikamsaliti, inapata 5, nayo 5 ni nzuri, basi inarudia. Na inarudia. Itamnyonya mpaka kosa jingine litokee. Weka mawakala kumi wa namna hiyo, wapole wasiolipiza, kwenye kijiji chako, usome mapambano yao nayo pia kabla hujaripoti kwamba wastani umepanda. Wastani utapanda kweli. Jina la anayeulipia halimo ndani ya wastani.

Mwalimu, salaam. Mimi ni hakimu mstaafu, miaka 71. Nataka kujua jambo moja. Programu mbili za kampuni mbili zikiumiza watu kwa pamoja, bila mtu yeyote kuziagiza zishirikiane, nani anasimama kizimbani?

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo sheria za nchi nyingi bado zinahangaika nalo, nami si mwanasheria. Nitakupa ushahidi, wewe utapima.

Wa kwanza ni mwepesi. Mwezi Aprili 2011 kitabu cha kitaalamu kuhusu biolojia ya nzi kilionekana kwenye Amazon kikiuzwa zaidi ya dola milioni 23. Mwanabiolojia Michael Eisen alifuatilia bei yake siku kwa siku. Wauzaji wawili walikuwa wameacha programu ziwapangie bei. Ya kwanza ilijiwekea bei ya mwenzake mara 0.9983, iwe chini kidogo tu. Ya pili ilijiwekea bei ya mwenzake mara 1.270589. Zidisha namba hizo mbili: kila mzunguko bei inapanda kwa karibu asilimia 27. Hakuna iliyokuwa na nia mbaya wala iliyovunja kanuni yake. Ukizisoma moja moja, zote mbili zina mantiki.

Wa pili ni mzito. Mwaka 2020 wanauchumi wanne, Calvano, Calzolari, Denicolò na Pastorello, walichapisha jaribio ambamo programu zinazojifunza zenyewe ziliachwa zipange bei kwenye soko la kuigiza. Hazikuambiwa zishirikiane. Hazikuwa na njia ya kuwasiliana. Zilipewa lengo moja, faida. Zikajifunza kupanga bei za juu kuliko zile za ushindani wa kweli. Watafiti wakailazimisha moja ishushe bei ghafla, waone nyingine itafanya nini. Nyingine ikashusha pia, kama inayoadhibu, kisha zote mbili zikapanda taratibu kurudi kwenye bei ya zamani.

Mzee, soma tabia hiyo pembeni ya Jino kwa Jino. Kulipiza, kusamehe, kurudi kwenye amani. Ni fadhila zilezile tulizozishangilia kwa Axelrod, ila safari hii anayeumia ni mnunuzi, naye kwenye hesabu yao hayupo. Hana alama, hana raundi. Yeye ni mahali ambapo alama zinatoka.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, nisingeanza kwa kuitafuta nia ndani ya programu. Ningemwita aliyechagua lengo. Mtu fulani aliketi akaandika kwamba kinachohesabiwa ni faida, na kwamba hakuna kingine kinachohesabiwa. Ningemuuliza alikijua nini wakati huo, alijaribu nini kabla ya kuiachia sokoni, na baada ya kuiachia alikuwa akiitazama au alilala. Nadhani maswali hayo si mageni kwako. Mwenye mbwa huulizwa yaleyale.

Mwalimu, nafundisha sosholojia. Mwanafunzi wangu ameleta utafiti wa mwaka 2006 wa Hammond na Axelrod: mawakala wa rangi nne, na mwishowe takriban robo tatu wakawa wanawasaidia wa rangi yao tu na kuwanyima wengine. Anasema kompyuta imethibitisha kwamba ubaguzi ni asili yetu. Nimjibuje?

Mwalimu mwenzangu, mwambie asome kanuni za kuzaliana ndani ya modeli ile kabla ya kusoma matokeo. Mtoto anazaliwa kwenye mraba ulio jirani na mzazi, akirithi rangi na mwenendo wake isipokuwa kwa mabadiliko madogo ya kubahatisha. Maana yake ni kwamba jirani wa rangi yako mara nyingi ni ndugu yako mwenye mwenendo kama wako. Rangi imegeuzwa kuwa alama ya ukoo, na kumsaidia wa rangi yako ni kuusaidia mwenendo wako wenyewe uendelee. Utafiti ule ni mzuri, naupenda. Unaonyesha kwamba kanuni chache mno zinatosha kuzaa ubaguzi, hata kwa mawakala wasio na akili ya kuchukia. Kutosha ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba ndivyo binadamu alivyoumbwa ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo kuna shimo. Mimi nimeshatumbukia humo.

Nilikuwa nimeandika bwawa lenye samaki na mawakala 200 wanaovua. Mia moja waroho, wanaochukua wanachoweza. Mia moja wenye kiasi, wanaoacha samaki wazaliane. Nikaendesha mara 50. Kila mara waroho walimaliza matajiri, wenye kiasi wakabaki fukara. Nilitengeneza mchoro mzuri, mstari mwekundu ukipanda na wa kijani ukitambaa chini, nikasimama ukumbini mbele ya watu wapatao 40 nikawaambia kwamba kiasi hakiwezi kudumu palipo na uroho. Niliiamini sentensi hiyo. Nilikwenda nayo nyumbani ikiwa imenielemea kifuani, kwa sababu nina watoto na ninawafundisha kiasi.

Wiki mbili baadaye kijana ninayefanya naye kazi aliomba data. Akapanga mawakala kwa utajiri, akaniita. "Dada, hebu ona hapa. Matajiri wote wana namba ndogo. Namba 1, namba 4, namba 2, namba 9." Nikatazama skrini, nikaelewa kabla hajamaliza. Msimbo wangu uliwaumba waroho kwanza, namba 1 hadi 100, kisha wenye kiasi, 101 hadi 200. Na kila raundi uliwaita bwawani kwa mpangilio uleule, kuanzia namba 1. Waroho walikuwa wanafika bwawani kwanza, kila siku, maisha yao yote. Hata ndani ya kundi lao, wa namba 95 walikuwa maskini wa kutupwa. Tuliongeza mstari mmoja wa msimbo, wa kuchanganya orodha kabla ya kila raundi, tukaendesha tena. Pengo lile kubwa likatoweka karibu lote. Nilichokiita tabia kilikuwa foleni.

Niliwaandikia wote waliokuwa ukumbini, mmoja mmoja. Baadhi hawakujibu, na najua wapo wanaoendelea kuisimulia ile sentensi yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Matokeo ya kompyuta yakishavaa nguo ya asili ya binadamu, kuyavua ni kazi kubwa.

Wala si makosa ya msimbo peke yake yanayodanganya. Mwaka 1986 Axelrod huyohuyo aliandika mchezo wa kanuni za jamii. Mawakala 20, kila mmoja na kiwango cha ujasiri wa kuvunja kanuni na kiwango cha kuadhibu wavunjaji. Mvunjaji anapata 3, kila mwingine anapoteza 1, anayeadhibiwa anapoteza 9, na anayeadhibu naye analipia 2. Kwa kuwa kuadhibu kunagharimu, kila mmoja anangoja mwenzake aadhibu, na kanuni inadhoofika. Axelrod akaongeza ngazi ya pili: anayeona uovu asiadhibu naye aadhibiwe. Kanuni ikasimama imara katika majaribio yake yote matano, ya vizazi 100 kila moja. Matokeo hayo yamenukuliwa kwa miaka mingi kama siri ya jamii yenye nidhamu. Mwaka 2005 José Manuel Galán na Luis Izquierdo waliuandika mchezo upya, wakauendesha kwa muda mrefu zaidi na mara nyingi zaidi. Kanuni iliyoonekana imara, ikipewa muda, ilikuja kuporomoka. Vizazi 100 havikutosha kuona.

Na jambo la mwisho kwa mwanafunzi wako, kwa sababu yeye ni wa sosholojia: ndani ya mchezo ule hakuna mahali palipoandikwa kanuni yenyewe inasema nini. Mashine ile ya kuadhibu asiyeadhibu italinda "usiibe", na italinda vilevile "usiolewe na watu wale". Alama hazitofautishi.

Mwalimu, hao wa namba saba nimewaelewa. Vipi hawa wapya, mawakala wanaoendeshwa na modeli kubwa za lugha, yaani programu zilizofunzwa kwa maandishi mengi mno, wanaoongea kama watu? Hao si wana maadili tayari?

Wana maneno ya maadili, hilo sina shaka. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na Google waliwaweka mawakala 25 wa aina hiyo kwenye mji wa kuigiza. Mmoja alipewa wazo la kuandaa sherehe ya siku ya wapendanao. Habari ikasambaa kwa mazungumzo, 12 wakaalikwa, watano wakafika. Kati ya wasiofika, watatu walitoa udhuru, na wanne walisema wangependa kuja kisha hawakuonekana. Niliposoma hao wanne nilisimama kidogo. Hakuna aliyewaandikia ahadi hewa. Lakini watafiti wenyewe walisema jambo lililonigusa zaidi: mawakala wao walikuwa wapole kupita kiasi, wakikubali karibu kila walichopendekezewa, hata kisichofanana na haiba waliyopewa. Upole ule ulitoka kwenye mafunzo ya modeli. Mji haukuwafundisha chochote.

Na upole hautoshi. Mwaka 2024 watafiti wengine waliwapa mawakala watano wa namna hii ziwa moja la samaki tani 100, wakizungumza kila mwezi kuhusu kiasi cha kuvua. Kinachobaki kinaongezeka mara mbili, hadi zile 100. Modeli nyingi ziliangamiza ziwa, huku zikiongea vizuri. Kilichosaidia ni kuwafanya wajiulize, kabla ya kuvua, itakuwaje kila mtu akifanya hivi. Swali hilo moja lilirefusha maisha ya ziwa. Mwanafunzi wangu wa falsafa hapo juu atalitambua.

Kwa hiyo wakala anayeongea usimpime kwa anachosema kikaoni. Hesabu samaki.

Nikizima kompyuta, mawakala wangu wote wanafutika. Ni kosa?

Hapana. Namba saba haziumii. Lakini umeuliza kwa upole na sitaki uupoteze, kwa sababu utakuja kuandika mawakala wanaowakilisha watu halisi, wenye mikopo, wagonjwa, wanaotafuta kazi, na huko mtu akifutwa kwenye orodha anafutwa kweli.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 15. Sina kompyuta. Naweza kuanzia wapi?

Marahaba, mwanangu. Anzia alikoanzia Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Modeli yake maarufu, aliyoichapisha kwa kina mwaka 1971, inachezeka kwa sarafu.

Chora ubao wa miraba 8 kwa 8. Tafuta vitu 45 vya aina mbili, tuseme sarafu 23 na vifungo 22, uvitawanye ovyo kwenye miraba. Itabaki mitupu 19. Kila kitu kina majirani wasiozidi wanane, wanaokigusa pembeni na kwenye pembe. Kanuni ni moja: kila kimoja kinaridhika ikiwa angalau theluthi ya majirani zake ni wa aina yake. Ona ilivyo ya upole. Hakuna anayetaka kuwa peke yake na wenzake, kila mmoja yuko tayari kuwa wachache. Asiyeridhika anahamia mraba mtupu wa karibu utakaomridhisha. Endelea mpaka kila mmoja aridhike.

Kabla ya kuanza, piga picha ya ubao kwa penseli kwenye karatasi. Ukimaliza, chora tena. Utaziona sarafu zimejitenga upande wao na vifungo upande wao, ilhali hakuna hata kimoja kilichotaka hivyo. Kisha rudia yote, lakini safari hii badilisha theluthi iwe nusu. Na mara ya tatu, ongeza kanuni yako mwenyewe: asiye na jirani hata mmoja wa aina nyingine naye hajaridhika, lazima ahame. Andika kanuni hiyo pembeni ya ubao kabla hujasogeza chochote, kwa maneno yako, pamoja na tarehe. Nitumie michoro yote, hata ile utakayodhani umekosea.